Matairi Chini ya Mkeka wa Baba

Nilikwisha kuapa kwamba jambo hili sitalisimulia, lakini kwa kuwa huku kwetu Kiembe Samaki kila mtu analo na kila anayelisimulia anaongeza la kwake (juzi nimesikia ati ndani ya gari mlikuwa na injini nzima imefungwa kwenye gunia, uongo mtupu), bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyelifanya. Wala msinionee huruma, kwani hata mimi sijionei.

Baba alipofariki aliacha nyumba, ambayo sote tulikubaliana isiguswe maadamu Mama yu hai, na aliacha gari. Gari yenyewe ni Toyota kuukuu ya gia za mkono, ile ya nyuma ndefu yenye mlango wa kunyanyua, lakini Baba aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe, kila Ijumaa asubuhi ataifuta kwa kitambaa maalumu ambacho sisi wanawe tulikatazwa hata kukishika, na nusu ya waumini wa msikiti wetu walishapanda gari ile kwenda mazikoni na harusini bila kutoa senti. Mwezi mmoja kabla ya kulala kitandani moja kwa moja aliitia matairi mapya manne na betri mpya, akasema sasa itampeleka kwao Uroa mpaka achoke mwenyewe. Hakwenda hata mara moja.

Miaka mitatu ya maradhi yake dereva nilikuwa mimi. Dada zangu wawili, Rukia ambaye ni mkubwa wetu na Thuwaiba kitindamimba, wao walimpikia, walimfulia, walimgeuza ubavu na kumwosha, lakini hayo mimi sikuyatia maanani, nilichokumbuka ni safari zangu za hospitali tu, jua kali, foleni, na Baba kiti cha mbele akinilalamikia kwamba nakanyaga breki kama mtu anayeua nge. Nikajiaminisha kuwa gari ni yangu. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijiambia mwenyewe, na mtu akijiambia jambo kila siku huishia kulisadiki.

Mama alipotoka eda tulikula pamoja mchana nyumbani kwake, na baada ya kunawa mikono Dada Rukia akasema, "Nassor, na hii gari tuitafutie mthamini. Nnataka mtu anayeijua kazi, atuandikie thamani yake kwenye karatasi, tumpelekee kadhi."

"Thamani ya nini, na gari naiendesha mie?"

"Ni mirathi, Nassor. Lazima tuijue."

Lazima tuijue. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Nikamtazama dada yangu nikaona mtu anayetaka fungu lake mpaka kwenye vioo vya pembeni, na Thuwaiba anapanga sahani, na Mama anakunja kanga yake kama hasikii, nikasema kumbe wameshakaa wakapanga. (Walikuwa wameshakaa wakapanga kweli, lakini ngojeni.) Ningeuliza swali moja tu pale pale, kwa nini mnataka kuijua, leo nisingekuwa hapa nawasimulia. Sikuuliza. Nilinuna, nikanywa maji, nikaenda zangu.

Hesabu niliyoipiga ilikuwa nyepesi: mthamini akiandika juu, ama niwalipe wenzangu mafungu makubwa ama gari iuzwe apate mtu baki, na akiandika chini, nitawatoa kwa kidogo na gari ya Baba itabaki mikononi mwangu. Kwa hiyo Ijumaa aliyopangiwa mthamini kuja, asubuhi niliipeleka kwa Fundi Kombo, gereji yake iko Mwanakwerekwe, na ninaapa nilikwenda kwa jambo moja dogo tu, aniazime matairi manne yaliyokwisha kwa nusu siku, nifunge hayo, na yale mapya ya Baba niyarudishe jioni. Kombo akafunga, akarudi nyuma hatua mbili, akatikisa kichwa.

"Yakhe, haikubali. Matairi yamekufa halafu injini inanguruma hivi? Mtu wa kazi atakushuku."

Basi akatoa betri ya Baba akatia yake iliyochoka, akachomoa redio, akalegeza waya wa plagi moja, akamimina oili kidogo pahali ambapo oili haitakiwi kuwapo ili gari itoe moshi, na kila alichofanya nilikuwa nimesimama pembeni nikisema "hapo, hapo panatosha," kama bibi harusi anayepakwa hina. Kuacha vitu vya Baba pale gereji sikuthubutu (Kombo ni fundi mzuri, lakini kitu kikilala kwake huamka kimekuwa kingine), nikavipakia vyote nyuma, matairi manne, betri na redio, nikavifunika kwa mkeka wa Baba, ule aliokuwa akiutandika ufukweni Uroa. Mpango ulikuwa nipite kwangu kwanza nivishushe, halafu ndio niende kwa Mama, ambako mthamini angefika baada ya sala ya Ijumaa.

Sala ya Ijumaa yenyewe sikuisali. Nilikuwa gereji, namshikia Kombo spana.

Njia ya kwangu inapita mbele ya msikiti wetu, na nilifika pale dakika ile ile watu wanatoka, barabara nzima imejaa kanzu nyeupe, ikanibidi nikanyage breki, na nilipokanyaga gari ikatikisika mara mbili ikazima. Nikageuza ufunguo, haikutoa hata mlio. Betri ya Kombo ilikuwa imemaliza ahadi yake.

Wa kwanza kunijia alikuwa Mzee Hamad, jirani yetu na rafiki wa Baba tangu ujana, yeye ndiye aliyemtia Baba kaburini. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee," akaniitikia, "Marahaba mwanangu. Umesali wapi leo?"

"Mwanakwerekwe," nikasema, na mikono yangu ina oili mpaka kwenye viwiko.

Hakunihoji. Aliitazama gari, akaizunguka, akainama kwenye tairi la mbele akalipapasa. "Gari ya marehemu imefika hapa? Miezi hii tu?" Halafu akawageukia wenzake. "Jamani, tuisukumeni. Mwenyewe katubeba sote."

Nikasema haina haja. Nikasema nitamwita fundi. Nikasema nina haraka kidogo lakini nitaiacha hapo hapo, nitaifuata baadaye. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi, maana kwetu mtu anayekataa msaada huonekana ana haya, na mwenye haya husaidiwa kwa nguvu. Wanaume saba, kanzu zimepigwa pasi zinameta, wakajipanga nyuma ya gari wakanikalisha kwenye usukani. "Tia gia ya pili," Mzee Hamad akaniambia, "ikienda, achia."

Ikaenda, nikaachia. Gari ikakohoa mara moja, kikohozi kimoja tu, na yote yale ambayo Kombo aliyamimina yakatokea kwenye ekzosti pamoja na masizi ya miaka, moshi mzito na maji meusi, yakawarukia wote saba kuanzia kifuani mpaka kwenye mapindo. Kisha ikazima tena. Kwenye kioo niliwaona wamesimama wamenyanyua mikono, wanajitazama, na hakuna aliyesema neno baya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mzee Hamad alijifuta ndevu, akasema, "Haidhuru. Nyumba ya Bi Zainabu si mbali, tuifikisheni kwa mama yake."

Nikatoa kichwa dirishani. "Mzee, tuipeleke kwangu kwanza."

"Kwako kuna nini? Mthamini yuko kwa mama yako, nimemwona anaingia."

Kwa hiyo nilifikishwa. Nimekaa kwenye usukani kama bwana mkubwa, ninasukumwa na wazee waliochafuka kwa ajili yangu, watoto wa mtaa wote nyuma, na mlangoni wamesimama Mama, Dada Rukia, Thuwaiba, na Bwana Shabbir mthamini, Mhindi wa Mji Mkongwe, mwembamba, miwani moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, ambaye kazi yake ni kuwaandikia watu thamani za magari yaliyogongwa wakadai bima. Dada Rukia alitazama zile kanzu kabla ya kuitazama gari. "Imekuwaje?"

"Imechoka," nikasema. "Nshawaambia muda mrefu gari hii imechoka, hamnisikilizi."

Bwana Shabbir akaanza kazi. Hana haraka mtu yule. Akapiga picha pande nne, akaandika namba ya chesisi, akaingiza kidole kwenye meno ya tairi akakuta hakuna meno, akafungua boneti, akaitazama betri muda mrefu, akauliza, "Bwana Nassor, hii betri ina miaka mingapi?"

"Ya zamani. Ya marehemu."

"Na hii alama nyeupe chini yake, ya betri kubwa zaidi, hiyo betri imetolewa lini?"

Nikasema sijui. Thuwaiba akasema, "Lakini Baba alinunua mpya, si mimi ndiye niliyemsomea risiti?" na sauti yake haikuwa ya kushutumu, alikuwa anashangaa tu, anajaribu kukumbuka. Nikamwambia labda anachanganya. Ndivyo nilivyomwambia mdogo wangu mbele za watu, kwamba anachanganya siku za mwisho za baba yake.

"Haya," akasema Bwana Shabbir, "naomba kuona tairi la akiba na jeki, halafu nimemaliza."

Tairi la akiba la gari ile linakaa nyuma, chini ya sakafu. Nikasema halipo. Akasema lazima aandike kwamba kapaona na halipo, ndiyo taratibu. Nikasema mlango wa nyuma umekwama. Mzee Hamad, na ile kanzu yake, akaukamata mlango akaunyanyua kwa mkono mmoja, maana Baba alikuwa akiutia grisi kila mwezi. Kisha akauona mkeka, akaujua, nikamwona anaujua, akaukunja taratibu kwa heshima kama vile anakunja kitu cha msikitini.

Matairi manne meusi yanang'aa, yana vinyweleo vya upya bado. Betri, na risiti ya Baba imegundishwa juu yake kwa gundi, kwa sababu Baba alikuwa mtu wa kugundisha risiti. Redio.

Hakuna aliyecheka, hata wale watoto. Bwana Shabbir alishusha miwani ya kwenye paji la uso, akavaa mbili kwa pamoja, akauliza kwa upole wake ule ule, "Hivi navyo nivithamini, au vinakwenda kando?"

Dada Rukia ndiye aliyejibu, na hakunyanyua sauti. "Vithamini vyote. Andika gari kama alivyoiacha Baba." Halafu akanigeukia. "Nassor, siku Mama alipotoka eda tulikubaliana, mimi na Thuwaiba na Mama, gari tukusamehe. Yote. Wewe ndiye uliyembeba. Lakini kadhi katwambia mtu hawezi kusamehe haki asiyoijua ni kiasi gani, ajue kwanza, ndipo aseme nimetoa, isije baadaye mmoja akajuta. Ndiyo maana nikamtaka mthamini. Tulitaka tukupe huku tunajua tunakupa nini."

Kilichonijia kinywani ni, "Mbona hamkuniambia?" Akasema, "Mbona hukuuliza?"

Mama akajifunga kanga kiunoni. Aliingia ndani akatoka na beseni na sabuni, akaliweka miguuni kwangu. "Wazee wangu, zivueni hizo kanzu, kuna vikoi ndani. Nassor atazifua."

Nikazifua. Kanzu saba, uani kwa Mama, wazee wamekaa barazani na vikoi na fulana wanakunywa chai, na kati ya kanzu moja na nyingine naitwa mbele kumfungulia Bwana Shabbir tairi la Kombo, nafunga moja la Baba, narudi kwenye beseni. Sita zilitakata. Ya Mzee Hamad haikutakata, na mpya niliyomnunulia aliipokea akashukuru, lakini Ijumaa huvaa ile ile, yenye doa la kahawia kifuani, safu ya mbele, sijui kwa makusudi au kwa mazoea, na mimi sina uso wa kumwuliza.

Karatasi ya Bwana Shabbir ilipotoka ilikuwa na thamani nzuri kuliko nilivyodhani. Nilikwenda mbele ya kadhi nikitaraji watabadili nia, na moyoni nilikuwa naomba wabadili, maana ningelipa nikapumua. Hawakubadili. Dada Rukia akatia saini, Thuwaiba akatia saini, Mama akatia dole gumba, kadhi akaniambia hongera. Nimeapa tangu siku ile kwamba nduguyo akikwambia neno lisilokupendeza, muulize kabla hujanuna, na kwamba gereji ya Kombo sitaikanyaga tena maishani, lakini viapo hivyo nilivitoa nikiwa nimeshachelewa.

Gari ninayo, na haipakii mtu. Dada Rukia akienda hospitali anaita teksi. Thuwaiba ananisalimu vizuri, kupita kiasi.

Wiki iliyopita nilimkuta Mama kasimama barabarani na kapu lake, anangoja usafiri wa Uroa kwenda kuwaona mashemeji zake. Nikasimama, nikashuka, nikamfungulia mlango wa mbele, kiti cha Baba. Hakuingia. Alikwenda kwenye tairi la mbele, akaligusa kwa ncha ya kiatu, akalitazama.

"Haya ndiyo yenyewe, Nassor?"

"Ndiyo yenyewe, Mama."

Akafungua mlango wa abiria wa nyuma, akakaa huko na kapu lake, tukaenda mpaka Uroa kiti cha Baba kitupu.