Mama Bado Langoni kwa Mabua

Jina alilopewa na wazazi wake liliandikwa vizuri tu katika daftari la kiwanda, lakini wenye mikokoteni walimwita Mama Bado, kwa kuwa hilo ndilo neno walilozoea kulisikia kinywani mwake. Unafika langoni na mzigo wako wa mabua ya mahindi, jasho linakutoka, punda hoi. Yeye anachomoa bua moja katikati ya mzigo, si juu wala si pembeni (anawajua watu na ujanja wao), analisogeza sikioni na kulivunja. Likilia "ka!" anakupungia mkono, ingia. Likichanika kimyakimya kama kitambaa, anasema, "Bado," nawe unageuza punda wako bila ubishi.

Alikuwa na sababu. Kiwanda kile kidogo kilisaga mabua na magunzi, kikayabana kwa mashine yakatoka vipande vya kuni, vigumu, vyenye tundu katikati. Bua bichi likiingia humo, mvuke unavipasua vipande. Na lundo lenye unyevu hujipika lenyewe kwa ndani hadi liwake. Mwaka wa kwanza liliungua lundo zima. Ndipo wakamweka yeye langoni. Walinunua na kipima unyevu, lakini kilikaa kabatini ndani ya boksi lake, kwani msimamizi alisema betri za nini na Mama Bado yupo.

Hakuna aliyekumbuka kwamba kabla ya hapo mama huyo alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye mashine ya kusaga nafaka, kandokando ya injini, masikio wazi. Injini ile iliyala masikio yake polepole. Alianza kwa kutosikia simu. Kisha mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi, akawa anadhani amenuniwa, akanuna na yeye, wakakaa wiki nzima nyumba kimya. Halafu, msimu huu wa mavuno, mabua yakaacha kulia. Yote. Alivunja moja, la pili, la tatu, akaona midomo ya bua imeachana bila sauti. Vidole navyo vilikuwa na sugu, havikumwambia kitu.

Angefanyaje? Wewe ungesema ukweli, bila shaka. Sote huwa mashujaa tukiwa tumekaa. Mama Bado alipiga hesabu ya mtu mwoga. Akiingiza bua bichi, lundo litaungua na watu watamjua. Akirudisha bua kavu, hakuna kitakachoungua. Basi akawa anasema "bado" kwa karibu kila mtu. Mwisho wa mwezi msimamizi akamsifu mbele ya wafanyakazi wote: hakuna hata kipande kimoja kilichopasuka! Wakampigia makofi. Aliyaona makofi, hakuyasikia.

Kati ya waliorudishwa alikuwamo bibi mmoja mjane, mfuga kuku, aliyevuta mkokoteni wake kwa mikono. Kiwanda hakikulipa fedha: ukileta mkokoteni mmoja wa mabua, unaondoka na magunia mawili ya kuni. Bibi yule alirudishwa mara tatu. Mara ya nne hakutokea.

Mama Bado hakuwa na raha. Siku ya mapumziko akajifunga kilemba, akaulizia njia, akapiga hodi kwa bibi yule. Kitu cha kwanza alichokiona ni kuku wakizurura jikoni, na banda lao nje limebaki nguzo nne. Mbao zake zilikuwa chini ya sufuria, zinawaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu. Umekuja kunirudisha na hapa nyumbani kwangu?"

Mama Bado akavuta kigoda karibu kabisa, apate kuisoma midomo yake. "Bibi, nadhani mabua yako yalikuwa makavu."

"Najua. Siku ile ya tatu niliyatia moto palepale njiani, yakashika kabla sijatupa kiberiti. Bua bichi linawaka hivyo?"

"Si ungekuja nayo nyumbani ukapikia?"

"Nipikie nini? Bua tupu huwaka kama karatasi, maji hayapati hata uvuguvugu. Ndiyo maana tunawaletea mkayabane."

"Sasa mbona hukunibishia pale langoni?"

Bibi akacheka, lakini si kwa furaha. "Nikubishie wewe? Hata bosi wako hakubishii. Mara ya kwanza nilirudi nikayaanika tena. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikajiuliza, au ni mimi niliyezeeka, nimesahau bua kavu likoje? Miaka sitini nalima, mwanangu. Ulinifanya nisiiamini mikono yangu mwenyewe."

Mama Bado alilia. Hakuyafuta machozi. "Sisikii, bibi. Masikio yamekufa. Niliogopa kuunguza lundo, na niliogopa kutolewa pale."

Bibi akapuliza moto, akasema kitu akiwa ameinamia jiko.

"Unasemaje?"

"Nasema ungesema hujui!" Bibi alilitoa neno hilo kwa nguvu hadi jirani akachungulia juu ya ua. "Hilo tu. Hujui. Ni zito hivyo?"

Kumbe lilikuwa zito. Mama Bado alilibeba njia nzima ya kurudi.

Kesho yake asubuhi foleni ilifika barabarani. Wa kwanza alikuwa muuza maziwa, mtu mzima mwenye punda wawili, tayari ameshika hatamu za kugeuzia. Msimamizi alisimama kando na kikombe chake cha chai. Mama Bado akachomoa bua katikati ya mzigo, akalipeleka sikioni, akalivunja. Watu wakangoja.

"Sijui," akasema.

Muuza maziwa akageukia walio nyuma yake, akidhani ni yeye aliyesikia vibaya. "Umesemaje, mama?"

Mama Bado akamkabidhi bua la pili, zima. "Nimesema sijui, baba. Sisikii tena, tangu msimu uanze. Livunje wewe, halafu niambie kweli." Akamgeukia msimamizi. "Na wewe nenda kabatini."