Kitenge Kifuani

Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyotangulia Ramadhani. Siku hiyo mume wangu alipoteza kipande cha chini cha pafu la kulia, kile kilichokuwa na kansa.

Daktari alinionyesha matundu matatu madogo ubavuni. Alisema hawakupanua mbavu. Walipitisha kamera na vyuma vyembamba, kwa hiyo angeinuka mapema. Kisha akasema neno lililonitia hofu: lazima akohoe hata kama anaumia, maana makohozi yakilala ndani huleta homa ya mapafu.

Dada yangu mkubwa walimpasua kwa njia ya zamani, kuanzia mgongoni hadi chini ya titi. Maumivu yalimzuia kukohoa. Alikufa kwa homa hiyo hiyo. Basi yale matundu madogo sikuyaamini. Nilikuwa nasikiliza pumzi tu.

Tuliporudi nyumbani Nyakabiga, mama mkwe alikuwa ameshatandika godoro. Nilitoka kuchemsha maji. Niliporudi, alikuwa amemfunga mwanawe kitenge kuzunguka kifua, kwa nguvu, kama tunavyofungwa tumbo tukishajifungua.

"Mama, mi sikuzaa," mume wangu alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nyamaza. Kidonda kinataka kushikwa. Mi nimefunga wanawake wangapi mu hii mutaa?"

Mume wangu alikuwa akipumua juu juu, midomo imekauka. Kikohozi kilipomjia, alikimeza. Nikamwona dada yangu pale pale kwenye mto. Nilikuwa sijawahi kumkatalia mama mkwe jambo.

"Mama, tumufungue. Daktari alisema akohoe."

"Akikohoa kidonda kitapasuka."

"Dada yangu hakukohoa, Mama."

Mama mkwe ndiye aliyemwosha dada yangu tulipofiwa. Akafungua fundo mwenyewe. Nikakikunja kitenge kikawa kinene, kama nesi alivyofanya kwa mto kule hospitali, nikakiweka juu ya matundu.

"Bonyeza hapa, Mama, akianza."

Alibonyeza. Mume wangu alivuta pumzi, akakohoa, machozi yakamtoka, akakohoa tena. Kohozi zito likaangukia ndani ya kopo nililomshikia.

Mama mkwe akatoka kwenda kulisuuza. Nikaweka sikio mgongoni kwa mume wangu. Pumzi ilikuwa bado inakwaruza.