Machungwa ya Kuvundika

Kyela mtu hangoji kupata hamu ndipo ale chungwa. Amemaliza wali, sahani imeondolewa, chungwa linafuata, basi. Ukienda kumwona mgonjwa unabeba machungwa. Mgeni akifika ghafla na jikoni hakuna kitu, mwenyeji anamkatia chungwa, kisha anapata muda wa kufikiri. Kwa kazi yangu ya bwana afya nimezunguka vijiji vingi nikikagua vyoo na visima, na ni nyumba chache nilizotoka bila kupewa walau moja. Nakiri kwamba nyumba iliyonipa chungwa nilikuwa naona haya kuiandikia choo kibovu. Soda zimejaa madukani, juisi za boksi zimefika mpaka vijijini, na chungwa bado liko palepale.

Mimi nimezaliwa Muheza, nchi ya machungwa, na nilipohamishiwa huku nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Nina mdomo. Mvua ya Kyela ilinichosha, matope yalinichosha, upweke ulinichosha zaidi, na kwa kuwa mvua haitukaniki, nikawa nayatukana machungwa.

Nilipanga Talatala, vyumba viwili vya uani kwa bibi mmoja mjane mwenye shamba la kakao. Kati ya nyumba yake na vyumba vyangu palikuwa na mchungwa mmoja. Kila asubuhi ya msimu alinigongea kwa salamu ya kwao, "Mugonile, baba," akaniachia machungwa mawili dirishani. Nilikuwa nayala yote mawili kabla ya kwenda kazini, halafu jioni namwambia kwamba kwetu chungwa halichumwi likiwa kijani namna hii. Kwetu, nilisema, linaachwa mpaka liwe la njano kama kiini cha yai, na yale ya kijani tunawapa mbuzi.

Ulikuwa uongo mtupu. Joto la Muheza na la Kyela ni ndugu, na chungwa letu nalo linaiva na ukijani wake. Nimekua nikiyala hayohayo. Lakini bibi hakuwahi kufika Muheza, na hakudhani kwamba mtumishi wa serikali anaweza kuketi kitako akamdanganya mtu mzima kuhusu tunda. Alikuwa anajibu tu, "Basi tuvumilie, baba."

Mke wangu alikuwa amebaki Muheza na watoto wetu wawili. Miaka mitatu tulionana wakati wa likizo tu. Mwaka huo akaniambia kwenye simu kwamba anakuja wiki moja kupaangalia. Akiona panakalika, atawahamisha watoto waje tuishi pamoja. Akiona hapakaliki, kila mtu abaki alipo, na alivyolitamka hilo nilielewa kwamba hakuwa anazungumzia nyumba peke yake. Nilimtaka aje. Nilikuwa nimechoka kupika chakula cha mtu mmoja na kukila nimesimama.

Nilimwambia bibi kwamba mgeni anakuja, kisha nikaenda Ngana kwa kazi ya siku nne.

Kwa watu wa kakao, kuvundika ni nusu ya maisha. Mbegu mbichi zinatiwa kwenye sanduku la mbao, zinafunikwa majani ya mgomba, zinaachwa zipate joto, zinageuzwa, na baada ya siku kadhaa zinatoka na rangi nyingine. Ndizi nazo wanazivundika hivyohivyo mpaka ziwe za njano. Kwa hiyo bibi aliposikia kwamba anakuja mtu wa Muheza, ambaye chungwa la kijani ni chakula cha mbuzi wake, alijua la kufanya. Alichukua upembo wa kuangulia matunda, akauvuta mchungwa tawi kwa tawi mpaka akaumaliza. Akajaza sanduku lake la kakao, akafunika majani. Siku ya pili akayageuza. Baadaye alisimulia kwamba siku hiyo baadhi yalikuwa yameanza kweli kuwa na unjano ubavuni, na alifurahi sana.

Nilitoka Ngana, nikampokea mke wangu stendi, tukaja na bajaji mpaka nyumbani. Bibi alikuwa amefagia uani na kuvaa kitenge cha kanisani. Mke wangu akamwamkia kwa kupiga magoti kidogo, akakaribishwa kiti, na hata maji hajanywa, bibi akaleta ungo uliofunikwa kitambaa. Ndani kulikuwa na machungwa ya njano, yamepangwa vizuri, na kisu pembeni.

"Karibu, mwanangu. Ni kama ya kwenu."

Mke wangu anamenya chungwa bila kukata ganda. Linashuka refu, jembamba, zima. Safari hii ganda lilikatika mara ya kwanza tu kisu kilipogusa. Chungwa lilikuwa laini kama nyanya mbovu. Harufu iliyotoka ilikuwa ya pombe, na sisi ni Waislamu. Akachukua la pili, likawa vilevile. Vijidudu vikaanza kuzunguka ungo.

Niliona wiki yangu inaharibika kabla haijaanza, nikapandwa na hasira. "Bibi, nani amekwambia chungwa linavundikwa? Unataka kumpa mgeni ugonjwa?" Nilisema kwa sauti ya ofisini, ile ninayowatolea wenye migahawa michafu.

Bibi akakunja kile kitambaa. "Ni wewe, baba. Ulisema kwenu hamli ya kijani."

Mke wangu akanigeukia. "Kwetu wapi?"

Nikainama kufukuza vijidudu kwenye ungo. Akarudia, "Kwetu wapi hamli ya kijani?" Kisha akamuuliza bibi amevundika mangapi.

"Yote," bibi akasema. "Mti wote."

Bibi alikuwa na meno machache. Nyama alikuwa haiwezi, na muwa hauwezi. Msimu wote, kitu kitamu alichokuwa anakula baada ya ugali ni chungwa la mti ule, alilikamua mdomoni taratibu akiwa amekaa mlangoni. Nilikuwa namwona kila siku. Mke wangu, ambaye alikuwa hajui lolote kati ya hayo, alikuwa ameshavua viatu na kujifunga khanga kiunoni. Wakaenda wote wawili kwenye sanduku, wakafunua, wakaanza kuyabonyeza moja moja. Magumu waliyatia kwenye beseni. Mengi hayakuwa magumu. Mimi nilipewa kazi ya kubeba mabovu kuyamwaga migombani, na nilikwenda safari nyingi, na suruali yangu ya kazi ikanuka pombe kwa siku kadhaa.

Nilipomaliza nilikwenda pale walipokaa. "Bibi, nisamehe. Nilikuwa nakudanganya."

"Ya Muheza nayo ni ya kijani?"

"Ya kijani."

"Kwa hiyo mbuzi wenu hawapati kitu," akasema, na mke wangu akacheka mpaka akashika beseni lisimwagike.

Mimi sikucheka. Asubuhi yake niliamka nikasikiliza, hakuna aliyegonga. Hakuwa amenuna; hakuwa na cha kuleta. Yale machache magumu yalimtosha siku mbili.

Siku zilizobaki mke wangu alikuwa na bibi zaidi kuliko alivyokuwa na mimi. Walikwenda sokoni pamoja wakarudi na kikapu cha machungwa, ya kijani juu na ya kijani chini. Alimfundisha kumenya ganda refu, naye bibi akamfundisha kusema ndaga fijo, yaani asante sana, mke wangu akalisema ovyo na kuchekwa na majirani. Kwangu alikuwa na adabu na maneno machache. Kila nilipotaka kumuuliza ameamua nini, nilikosa ujasiri.

Siku ya saba nilimsindikiza stendi. Begi lilikuwa limeshapakiwa na kondakta anaita abiria ndipo nikauliza.

"Nilikuja nikiwa na jibu la hapana," akasema. "Lakini kuna mtu hapa amemaliza mti wake kwa ajili ya mgeni asiyemjua. Shule zikifunga nawaleta watoto. Huyo naweza kuishi naye."

"Na mimi je?"

Akapanda ngazi ya basi, akageuka.

"Wewe si utakuwepo tu."