Utani wa Daktari Diarra

Korotimi Traoré alikuwa mtia rangi vitambaa mjini Ségou, na bluu yake haikuwa na mshindani. Siku hiyo bibi harusi alikuwa akisubiri nguo zake jioni. Katika haraka ya kuyeyusha kostiki, magadi yale makali ya kushikisha rangi, tone likamrukia jicho la kulia. Akapiga ukelele, akajimwagia maji kidogo, akalifunika kwa ncha ya kanga.

Binti yake, Sitan, alihangaika kumtafuta daktari wa macho. Muuza shanga wa jirani ndiye aliyekuwa na namba ya Daktari Diarra, aliyemtibu mama mkwe wake. Simu ikaita, ikapokewa. Korotimi akajitambulisha, akaeleza kostiki ilivyomrukia jichoni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wadiarra na Watraoré ni watani wa tangu enzi, na hakuna Mdiarra atakayelisikia jina hilo akanyamaza.

"Traoré? Kumbe mtumwa wangu, mla maharage! Sasa yamepanda mpaka machoni?"

Korotimi alicheka na maumivu yake. Daktari akamwambia aoshe jicho kwa maji mengi bila kuacha, kisha aje saa hiyo hiyo, maana akilala nalo ataamka halipo.

"Na maharage nikuletee?"

"Lete sufuria nzima. Lakini njoo."

Korotimi akakata simu, akarudi kwenye beseni la rangi. Sitan alimsihi wachukue pikipiki.

"Mama, yule hakuwa anatania."

"Wadiarra huwajui wewe. Tulipomzika shangazi walilala kaburini, wakadai tuwalipe kwanza ndipo wainuke. Eti leo nimwogope?"

Jicho lilikuwa linawaka kweli, na ndani kabisa alikuwa na hofu. Lakini kucheka ni kutamu kuliko kuogopa, na nguo za watu zilikuwa majini. Sitan alikasirika. Korotimi akamaliza kazi, bibi harusi akazipata nguo zake.

Asubuhi jicho lilikuwa jeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Akafunika la kushoto kwa kiganja, akaangalia nguo ya bluu iliyobaki kwenye kamba. Hakuona nguo wala kamba.

Kliniki, Daktari Diarra, kijana mwembamba, alimmulika kwa muda mrefu, akigeuza kope polepole. Korotimi alikaa akisubiri utani. Alikuwa na jibu tayari, zuri, alilitunga njiani. Alijua kwamba akitaniwa tu, basi mambo si mabaya kiasi hicho.

Daktari alizima taa, akanawa mikono, akavuta kiti karibu yake.

"Mama," alisema, "nisamehe. Jana nilipaswa kuanza na jicho, si utani."

Mdiarra alikuwa amemwita mama, si mtumwa.

"Niite mla maharage," alimwomba. "Mwanangu, nakuomba. Niite."

Daktari aliinamisha kichwa, akaanza kulifunika jicho kwa bendeji.