Nilivyoinusa Pombe ya Wakwe Dutwa

Mimi Nkwabi, mchoma nyama, darasa la nne sikulimaliza, nakubali kwa mdomo wangu kwamba siku niliyokwenda kumposea mwanangu Masanja nilimfanya bibi wa watu aonekane mchawi mbele ya ukoo wake, na nilifanya hivyo kwa kunusa tu. Wanaonicheka hapa Bariadi wanacheka ile sehemu ya ulevi, hawajui ilivyoanza, kwa hiyo naandika, na wahusika nitawataja, wa kwanza akiwa Deo.

Deo ana baa Somanda, hapa hapa Bariadi, na bia anatengeneza mwenyewe kwenye mapipa yanayong'aa nyuma ya jiko langu (jiko la nyama ni langu, baa ni yake), anaiita bia ya krafti. Jumamosi wanakuja wenzake, akina Zakayo muuza dawa za pamba na Mwalimu Pendo, wanainua glasi kwenye mwanga, wanaizungusha, wanaichungulia kama wanatafuta nzi, wananusa mara tatu, ndipo mmoja anasema ina bodi. Wote wanaitikia, ina bodi. Mwingine anasema imebalansi, wanaitikia, halafu zinakuja noti, noti za ndizi, noti za ngozi, noti za zizi la farasi, na finishi, na krispi, na kompleksi. Wakionja aina nyingi wanatema kwenye ndoo. Niliuliza kwa nini wanatema kitu walichokilipia, Deo akaniambia, "Nkwabi, mtaalamu halewi."

Mimi tangu mwanzo niliwashuku. Farasi wamemwona wapi hawa? Tena siku moja pipa liliishiwa, Deo akammiminia Zakayo bia ya jana iliyolala kwenye jagi bila mfuniko, mimi naona kwa macho yangu, na Zakayo akafumba macho akasema hii sasa ndiyo imekomaa, ina kompleksi. Nikajua maneno haya hayatoki kwenye bia, yanatoka kwa mwenzako aliyeongea kabla yako. Nilijua, ndiyo maana mpaka leo nina hasira na nafsi yangu, maana mtu akisikia neno moja kila Jumamosi juu ya moshi wa nyama, linamwingia tu.

Basi tukaenda Dutwa kwa wazazi wa Mbuke, binti ambaye Masanja alikuwa amemsubiri miaka miwili, na siku hiyo ndiyo ya kukubaliwa au kurudishwa. Tulikwenda watatu, mimi, Masanja na mdogo wangu Luhende (mhusika wa pili, mkumbukeni). Tulifika asubuhi, tukasalimiana mwangaluka, mwangaluka, tukakalishwa uani, akatoka bibi yake Mbuke, Bibi Kabula, na mtungi wa pombe ya mtama aliyoipika kwa mikono yake. Bibi mwenyewe mzee sana, macho mekundu kwa moshi. Na kwetu huku bibi mzee mwenye macho mekundu watu wanamnong'ona, na yeye walishamnong'ona, hilo nililijua kabla sijatoka nyumbani.

Sasa kila mtu anajua, aliyepika pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya wageni, anatoa sumu, halafu wewe mgeni unakunywa moyo mweupe. Bibi akachota kwa kata, akaipeleka mdomoni. Luhende akanipiga kiwiko, akaninong'oneza, "Kaka, waonyeshe wewe ni mtu wa bia." Nikanyoosha mkono.

"Subiri kwanza, mama, usiitikise."

Nikaichukua kata mkononi mwake kabla hajaonja. Nikaiinua juani (kata ya kibuyu, unaona nini ndani yake?), nikaizungusha, nikanusa mara tatu, nikavuta fundo moja, nikalisukutua, nikalitema pembeni kwenye vumbi.

Watu wote uani wakanikodolea macho. Mimi nikadhani wananistaajabia.

"Ina bodi," nikasema. "Mbele kuna ndizi mbivu, katikati kuna zizi la farasi, na nyuma kabisa kuna kitu kimejificha, kinakuja polepole."

Mzee Ng'wandu, baba yake Mbuke, akaweka fimbo yake chini. "Mkwe, umenusa nini kwenye pombe ya mama yangu?"

"Ni sifa hiyo, mzee. Ni kompleksi."

"Kompleksi ni dawa gani?"

Nikaanza kueleza, na kila nilivyoeleza nilizama. Mama mmoja jirani aliyekuja kusaidia kupika akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Si unaona? Hata mgeni wa Bariadi ameitema." Masanja alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa shati. Mbuke alitokeza mlangoni, akamtazama bibi yake, akarudi ndani.

Bibi Kabula hakupiga kelele. Alisema, "Mimi macho yangu yameharibika kwa kuwapikia ninyi pombe hii. Wakanisema, nikanyamaza. Leo mgeni amekuja kunisema uani kwangu." Akausukuma mtungi mpaka kwenye miguu yangu. "Mjukuu wangu haendi kwa watu wanaoninusa. Labda uinywe yote wewe mwenyewe, watu waone kama utakufa."

Nilimtazama Luhende anisaidie, akawa anatazama ng'ombe.

Nikanywa. Kata ya kwanza mpaka ya nne nilikunywa kwa heshima, nimekaa wima, na watu wamenizunguka kimya wakinitazama midomo na macho kama wanatazama mbuzi aliyekula majani mabaya. Ya tano nikaona nimsafishe bibi kwa maneno, nikasimama nikatangaza kwamba pombe hii imebalansi. Ya saba nikamshika beberu wa pale uani kichwa, nikamnusa mara tatu, nikawaambia naye ana bodi lakini hana finishi. Baada ya hapo nasimuliwa. Nasimuliwa nililala kwenye mlango wa zizi, ng'ombe wakanipita, na watu wazima wa ukoo mzima wakaacha kazi zao wakakaa kunisubiri nipumue, na kila nikinyamaza kukoroma mtu anatumwa kuja kuniwekea kiganja puani. Aliyekuja mara nyingi ni Bibi Kabula mwenyewe.

Niliamka jua limeshapinda. Sikufa, na jina la bibi likawa limesafishika hapo hapo, hata yule jirani alikuja kuniangalia akaondoka bila neno. Nikauliza mazungumzo yanaanza lini. Luhende akasema, "Yameisha, kaka. Wamekubali. Nimeongeza dume moja la ng'ombe la kumwomba bibi radhi." Dume la nani? Langu. Na aliyeongea kama baba wa kijana, akapewa mkono na mzee Ng'wandu, ni yeye. Ndiyo maana nakishuku kile kiwiko mpaka leo, mseme mnavyotaka.

Deo nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa, akaniuliza hiyo pombe ya bibi inapatikana wapi, akina Zakayo waje kuionja. Nikamwambia akikanyaga Dutwa na pua yake atafute mchoma nyama mwingine. Na tangu hapo mtu akiniuliza bia ikoje, nasema ni ya baridi au si ya baridi, na nikipewa nameza, nasema asante, mama.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Wiki moja kabla, Masanja alikuja nyumbani, akakaa, akazungusha kofia mkononi, akasema, "Baba, lile neno la baba wa bwana harusi, naomba aliseme baba mdogo." Sikumbishia. Siku yenyewe Luhende alisimama akaongea vizuri tu, maneno ya kawaida, na mimi nilikaa kiti cha tatu na soda yangu, nikapiga makofi watu walipopiga.