Tulivyompeleka Madamu Tereza kwa Dada Yake Quebec

Safari hii ilianzishwa na bibi wa miaka themanini na sita aliyegoma kula uji wake asubuhi moja kule Rockville. Alisukuma bakuli, akaniuliza kama naweza kuendesha gari mpaka Quebec.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtu wa Njombe. Naishi Germantown, Maryland, na mume wangu na watoto wawili, Baraka na mdogo wake, ambao Kiswahili wanakielewa vizuri nikiwagombeza. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao, na huyo bibi, Madamu Tereza, ndiye niliyekuwa naye siku za wiki. Wikendi alikuwa na Mama Neema, Mkongo wa Bukavu anayekaa Hyattsville. Madamu alizaliwa Quebec, lile jimbo la Kanada linalosema Kifaransa. Ujanani alikuwa sista na muuguzi, kisha akaacha utawa, akaolewa na Mmarekani, akahamia huku. Dada yake mdogo, Sesilia, alikuwa naye katika shirika lile lile la masista, na yeye akabaki. Tangu siku Madamu alipotoka konventini hawakuwahi kusemezana.

Sasa mpwa wao alikuwa amepiga simu kusema Sista Sesilia ameanguka, amevunjika nyonga, yuko kwenye nyumba ya masista wazee.

"Mama, si umpigie simu ya video?" mwanawe Pol alimsihi. Pol ni mtu wa ofisini, anaamini kila jambo linamalizika kwa simu.

"Ugomvi wa miaka sitini haumalizwi kwa simu," Madamu akasema. "Tena ile simu yako hunionyesha pua tu."

Basi Pol akakubali, mradi twende wote wawili, mimi na Mama Neema. Mama Neema alifurahi kupita kiasi. Alisomeshwa na masista wa Kibelgiji, na kwa miaka yote aliyokaa Maryland Kifaransa chake kilikuwa kimekosa mtu wa kukistahi.

Tuliondoka Rockville alfajiri ili tukwepe foleni, tukaikuta foleni Baltimore ikitusubiri. Madamu alikaa nyuma na mito mitatu, rozari, na chupa ya chai ambayo hakumruhusu mtu kuigusa. Tulipovuka New Jersey akaanza kusimulia.

"Nilipokuwa mtoto," alisema, "padri ndiye aliyekuwa serikali. Shule zake, hospitali zake, mpaka kura alitwambia tumpigie nani. Mama yangu akikaa mwaka mmoja bila kuzaa, padri anakuja nyumbani kuuliza kulikoni."

"Na baba yako akasemaje?" nikauliza.

"Baba alimkaribisha kiti."

Mama yake alizaa kumi na wawili, na hakuweza hata kutia sahihi mkataba bila mume wake. Kisha vita kuu ya pili ikaisha. Vijana wakarudi kutoka Ulaya na akili nyingine, watu wakajaa mijini na viwandani, na baada ya miaka kadhaa wakachagua serikali mpya iliyokuwa na haraka. Shule zikawa za serikali, na hospitali pia. Wanawake walioolewa wakaanza kutia sahihi mambo yao wenyewe. Makampuni ya umeme nayo yakanunuliwa, umeme ukawa mali ya jimbo.

"Serikali ikachukua umeme," nikasema, "na haukukatika?"

"Kwa nini ukatike?"

Nikamwambia haidhuru, ni mambo ya kwetu.

"Wenyewe tunayaita Mapinduzi Matulivu," akaendelea. "Hakuna aliyepigwa risasi. Jumapili moja kanisa limejaa, nyingine limebaki nusu, halafu tumebaki bibi wachache na padri mwenye mafua." Akavuta shanga za rozari yake. Nilimtazama kwenye kioo nikaona ana hofu. Mtu aliyewatoroka masista wakati nchi nzima inabadilika, leo anakwenda kumkabili yule mmoja aliyebaki.

Tulilala mjini Albany, katika hoteli ya barabarani yenye zulia la maua. Asubuhi tukapanda kaskazini kati ya milima na misonobari, baridi iliyonikumbusha Njombe ikipenya dirishani. Mpakani afisa alimuuliza Madamu anakwenda kufanya nini. "Kugombana," akajibu. Tukaruhusiwa kupita.

Kituo cha kwanza cha mafuta ng'ambo ya mpaka ndipo tulipokutana na Kifaransa chenyewe. Mama Neema alishuka mabega juu, akazungumza na muuzaji, akarudi ameshuka mabega.

"Mama Baraka, hii Kifaransa ya wapi? Banasema sawa batu beko na kiazi ya moto mu kinywa! Nimemwambia *nonante*, tisini ya kwetu, ananiangalia tu!"

Wakati huo mzee mmoja kwenye pampu ya pili alijimwagia kahawa ya moto suruali nzima. Akatazama mbinguni, akapaza sauti: tabenakulo! Kisha kalisi! Kisha hostia!

Mama Neema akashika kifua. "Eko naomba Mungu, masikini." Na kwa kuwa ni Mkatoliki mwenye adabu, akaitikia kwa sauti, "Amina!"

Yule mzee alitutazama kama sisi ndio tuliomwaga kahawa. Madamu alicheka mpaka nikahofia moyo wake. Hatimaye akatueleza kwamba hayo ndiyo matusi ya kwao. Watu waliotawaliwa na altare muda mrefu hivyo, wakitaka kutukana huchukua vyombo vya altareni. Mimi Mlutheri nikawasha gari. Mama Neema alifanya ishara ya msalaba, kisha, karibu na Montreal, nikamsikia akijaribu neno moja polepole, kama mtu anayeonja pilipili.

Alasiri tukafika kijiji cha Madamu, kando ya mto mpana wa Mtakatifu Lorenzo. Alitaka kwanza apige magoti katika kanisa alilobatiziwa. Mnara upo, msalaba upo, ila mlangoni kulikuwa na bango la ng'ombe anayetabasamu. Kanisa limeuzwa, sasa ni mahali pa kutengenezea jibini.

Nikadhani atazimia. Tukaingia naye taratibu, nimemshika mkono wa kulia, Mama Neema wa kushoto. Mahali pa mabenchi palikuwa na mashelfu, na juu yake magurudumu ya jibini yamepangwa safu kwa safu, yametulia kuliko waumini wengi ninaowajua. Binti wa dukani akamkatia kipande kidogo amuonjeshe. Madamu alisimama pale pale alipopokea komunyo ya kwanza, akafumba macho, akafungua mdomo. Binti akasita kidogo, kisha akamwekea kile kipande ulimini.

Alitafuna muda mrefu. "Nzuri," akasema. "Ila padri wetu angeweka chumvi zaidi." Akanunua gurudumu zima la kumpelekea dada yake.

Nyumba ya masista wazee ilikuwa mwendo mfupi kutoka hapo. Nilitegemea kumwona sista wa picha, mwenye shela na uso wa Ijumaa Kuu. Tukamkuta bibi mwenye suruali na viatu vya raba, kwenye kiti cha magurudumu, akitazama mpira wa magongo wa kwenye barafu na kumfokea mwamuzi. Madamu, aliyeacha utawa, ndiye alikuwa na msalaba kifuani na rozari mkononi. Mtu asiyewajua angewabadilishia majina.

Sista Sesilia alituona. Akapunguza sauti ya televisheni, hakuizima.

"Umechelewa," akasema.

Wakaanza kuzungumza kwa Kifaransa chao, na Mama Neema, ambaye masikio yake yalikwisha kuzoea, akawa ananinong'oneza tafsiri.

"Najua ulinichukia kwa kuacha utawa," Madamu alisema.

"Kuacha utawa? Tereza, waliacha nusu ya shirika. Hata mama mkuu aliacha, akaolewa na daktari wa meno!" Sista akavuta pumzi. "Mimi ndiye niliyekuwa nimefunga sanduku. Nililiweka chini ya kitanda, nilikuwa naondoka baada ya Pasaka. Wewe ukatangulia Kwaresima, bila kuniaga. Baba akagoma kula. Mama akaja mpaka mlangoni mwa konventi, akanishika hivi, akaniambia..."

Hapo Mama Neema akanyamaza. Nikamgusa kiwiko: akamwambia nini? Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nikabaki kama mtu anayesikiliza redio iliyoishiwa betri kwenye dakika ya penalti.

"'Angalau wewe,'" Mama Neema alisema hatimaye. "Mama yao alimwambia, 'Angalau wewe.' Sista akafungua sanduku, akarudisha nguo."

Madamu alitafuta kiti, nikamwekea. "Kwa hiyo nilikuibia maisha," akasema.

"Ndivyo nilivyodhani, miaka ya kwanza. Kisha serikali ikachukua hospitali, wakanipa wodi niiongoze. Shela ilikuwa inaingia kwenye supu za wagonjwa, nikaivua. Nikafundisha wasichana ambao mama zao wasingeruhusiwa hata kusoma." Akacheka kidogo. "Wewe uliihama dunia ile. Mimi nilikaa tu, ikahama yenyewe. Lakini ulipaswa kuniaga."

"Nisamehe, Sesi."

Sista alinyoosha mkono, akaomba kisu cha jibini.

Tulipanga kukaa siku mbili. Asubuhi ya kuondoka Madamu alikuwa bado na nguo za kulalia, amekula uji wote. Akatutangazia kwamba chumba cha jirani na Sesilia kiko wazi, masista wamekubali, na yeye ni mzaliwa wa hapa, hana wa kumfukuza. Kwa hiyo, kwa kifupi, nilikuwa nimeendesha gari siku mbili kwenda kuipoteza kazi yangu. Alinikumbatia kwa nguvu nisizojua anazo. Safari hii aliaga kila mtu, hata gari.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kwa ukimya wa kiti cha nyuma. Mama Neema, zamu yake ya kuendesha, alichomekewa na lori New Jersey akatukana kwa Kiquebec safi, kisha akasali Baba Yetu mara moja. Rockville, Pol alitusikiliza amesimama mlangoni. Aliuliza tu, "Anacheka?" Nikamwambia anacheka. Akakaa kwenye ngazi, akafuta miwani yake muda mrefu. Wiki iliyofuata alinitafutia mzee mwingine wa kumtunza, na Madamu akapiga simu kulalamika kwamba Sesilia hulala na dirisha wazi.

Sisi tulioondoka makwetu tuna kiburi kidogo, na safari hii ilinigusa hapo. Huwa tunadhani kwamba tumetembea sisi tu, na waliobaki wametusubiri kama tulivyowaacha. Jumapili hiyo nilimpigia mdogo wangu Tumaini, aliyebaki Njombe na wazazi. Kwa kawaida humweleza habari za huku mpaka salio liishe. Mara hii nikamuuliza yeye anafanya nini siku hizi.

"Mimi? Natoka mkutanoni," akasema. "Wananichosha hawa wajumbe."

"Wajumbe gani?"

"Wa serikali ya kijiji, dada. Mimi si ndiye mwenyekiti?"

"Mwenyekiti! Tangu lini?"

"Tangu uchaguzi," akasema, na nikamsikia akicheka. "Hukuniuliza. Haya, kaa, nikusimulie."

Nikakaa.