Mbwa Aliyekuzwa Kupita Kazi Yake

Watu wakimwona mbwa wa Kijerumani, jambo la kwanza wanalotazama ni ukubwa. Husema, "Lo, mbwa kama ndama!" na hapo wameshamaliza kumpima. Mimi nilifanya kazi na mbwa hao miaka ya hamsini, katika shamba moja la mkonge lililokuwa bara kidogo kutoka Kigombe. Hadi leo mtu akiniuliza habari zao, humwomba kwanza atazame mahali pengine. Tazama miguu inavyotua akiruka. Tazama mgongo unavyojikunja akigeuka ghafla. Msikilize anavyopumua baada ya kukimbia kwenye jua. Ukubwa ni mzigo ambao mbwa huubeba mwenyewe kila aendako. Ukiwa wa kiasi, humsaidia kumwangusha mtu. Ukizidi, humwangusha yeye.

Haya sikuyasoma popote. Nilifundishwa na mbwa wawili wa tumbo moja, dume na jike, walioletwa shambani wakiwa bado wananyonya vidole vya watu. Bwana meneja alituita mimi na mwenzangu, akatuonyesha yule dume.

"Wewe nafundisha hii," akaniambia kwa Kiswahili chake cha walowezi. "Kama nashika mwizi ndani ya mkonge, nakaa hapa, nakuwa mbwa yako ya kazi. Kama hapana shika, mimi nauza."

Nikaitikia. Tangu siku ile nilikuwa na jambo moja tu moyoni: dume yule afuzu, asiuzwe.

Mwenzangu alikuwa Mshambaa wa milimani, Mlutheri, rika langu, na chumba chake kambini kilipakana na changu. Yeye ndiye aliyeniondolea shida iliyokuwa ikinikosesha raha. Mimi ni mtoto wa pwani, nimelelewa chuoni na msikitini. Mbwa mkavu na mkono mkavu, hakuna neno. Taabu ni majimaji: mate yake, chakula chake, maji ya kumwogeshea. Yakikugusa hayo, lazima uoshe mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo, ndipo uende ukaswali. Kwa mtu anayeshinda na mbwa kutwa, hiyo ni kazi ya pili.

"Shehe," akaniambia, maana ndivyo alivyopenda kunitania, "wewe shika ugwe wa mbwa. Sufuria niachie mimi. Mimi sina wa kuniuliza."

Tukagawana hivyo. Mambo makavu yakawa yangu: kutembeza, kufundisha, kunusisha, kuruka. Mambo ya majimaji yakawa yake: kupika, kulisha, kuosha. Saa ya chakula mimi hata karibu na banda sifiki. Mama yangu kule Kigombe aliposikia habari hiyo alifurahi mno, akawa kila nikienda kumwamkia ananifungia ng'onda, samaki wa kukaushwa juani. "Mpelekee ndugu yako wa mlimani," atasema. "Mtu anayekulindia swala yako si mwenzio wa kazi tu." Na kweli, sikukuu ya Idi mwenzangu alikula kwetu, kwenye mkeka mmoja na sisi.

Sasa nikueleze kwa nini shamba la mkonge linataka mbwa wa kiasi. Mkonge wetu ulipandwa mistari miwiliwili, kama pacha. Baina ya jozi na jozi kuna njia pana anayopita mkataji na mzigo wake. Lakini baina ya pacha wenyewe ni pembamba, na kila jani lina mwiba kwenye ncha, mgumu na mweusi kama sindano ya kushonea magunia. Majani ya chini yakishakatwa, hubaki uwazi huku chini, mfano wa uvungu wa kitanda. Mwizi wa katani akifukuzwa haendi njia pana. Huingia humo kwenye uvungu na kutambaa. Mbwa anayeweza kuinamisha mabega na kupita chini ya miiba atamfikia. Mbwa mrefu, mpana, miiba inamngoja kwenye macho na kifuani. Tena kuna jua. Mwili mkubwa hukawia kupoa, na mbwa anayehema kwa mdomo wazi hanusi vizuri. Si kwamba mkubwa ni mjinga au mwoga. Mara nyingi roho anayo kuliko wengine. Mwili ndio unaomkatalia.

Yule dume alianza vizuri. Alikuwa na pua ya ajabu, na akikutazama unajua anataka kuelewa. Lakini baada ya kubadilisha meno alianza kumwacha dada yake kwa mbali. Alipanda juu, akapanuka, akawa mzito. Nikaona anaporuka mtaro anatua kwa kishindo. Akiamka, anainuka kwanza mbele, nyuma kunafuata kwa kujivuta.

Nikamwuliza mwenzangu, "Mbona huyu anazidi? Unampa nini?"

"Kile kile anachokula dada yake. Ni mwili tu, Shehe. Wako watu wanakunywa maji matupu na wananenepa."

"Mpunguzie. Mifupa yake bado michanga, haijakomaa kubeba yote hayo."

"Nitampunguzia."

Baada ya wiki kadhaa nikamwuliza tena. "Nimeshapunguza," akasema, huku akisugua sufuria kwa mchanga. "Unataka nimshindishe njaa?"

Sikuona sababu ya kumwuliza mara ya tatu. Nikamfundisha dume asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi, safari fupifupi, nikimbembeleza, nikimsifu kwa kila kidogo alichoweza. Mbwa mzito hahitaji kukaripiwa. Anahitaji muda.

Siku ya majaribio ilifika. Nyapara mmoja alijifunga magunia mikononi, akavaa koti nene, akajificha kwenye mstari wa pacha akiwa na tita la katani. Wakataji walisimama kando kutazama, na bwana meneja alikaa juu ya kitoroli cha reli. Jike alitangulia. Alinusa, akajikunyata, akaingia uvunguni, na punde tukasikia nyapara akipiga kelele, "Ameshika! Mwondoeni, ameshika!"

Zamu ya dume. Alinusa upesi kuliko dada yake, nikaona mkia wake umenyooka, nikasema moyoni amepata. Akaingiza kichwa. Mwiba ukamchoma begani. Akarudi nyuma, akazunguka, akajaribu upande wa pili, ukamchoma kifuani. Akakimbia njia pana hadi mwisho wa mstari, akarudi akihema, ulimi umelegea, kisha akaja akaketi miguuni pangu na kunitazama.

"Fahali huyo!" mkataji mmoja akapaza sauti. "Mvisheni nira alime!"

"Mwizi anakula chakula chake humo ndani," akadakia mwingine, "akishiba ndio atoke!"

Wakacheka. Nami nikamkimbilia bwana meneja. "Bwana, nipe muda kidogo. Uzito tu. Akipungua ataweza, pua anayo."

"Ndiyo, ndiyo. Ngoja," akajibu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Nilidhani ni huruma.

Siku chache baadaye lilikuja gari kutoka Tanga mjini. Mwenye gari alikuwa tajiri wa bohari, alitaka mbwa wa kukaa langoni. Bwana meneja akaagiza dume apelekwe kwenye mizani ya kupimia marobota ya katani. Akasimamishwa juu yake, mizani ikashuka, na yule tajiri akapiga makofi. Bwana meneja naye akamshika bega mwenzangu.

"Hii ndiyo fundi," akasema. "Mimi nasema lisha sana, hapana sema kwa mwenzako. Yeye nalisha, nanyamaza. Tazama sasa!"

Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa akitazama chini. Dume akashuka mizanini, akamwendea, akaanza kumlamba kiganja akitafuta chakula.

Hawakuninyang'anya ugwe kwa nguvu. Niliutoa mwenyewe. Gari lilipoondoka nikamfuata mwenzangu bandani.

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kuota meno makubwa."

"Ulikuwa ukimpa nini?"

"Uji wa unga na mafuta ya nyama kutoka jikoni kwa bwana. Mara mbili, ukishaondoka."

"Na mimi nilipokwambia umpunguzie?"

"Nilishaagizwa, Shehe. Ningefanyaje? Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwambia."

Akaisukuma sufuria kwa mguu. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba miaka yote hii. "Sufuria ilikuwa hapa hapa kila siku. Hukutaka kuja kutazama. Si mimi niliyekufungia mlango. Ni swala yako."

Nilitoka. Ningeweza kumsamehe agizo la bwana, maana sote tulikuwa chini ya agizo. Lakini mlango ule alinifungia yeye mwenyewe, kwa maneno matamu, na mama yangu akamwombea dua kwa hilo.

Kuanzia kesho yake nilimlisha jike kwa mkono wangu. Nilichota udongo safi, nikauweka kwenye kopo karibu na mtungi, nikaosha nilivyofundishwa. Ilinichukua muda, nikachelewa swala mara kwa mara, lakini nilijua kilichomo kwenye sufuria. Mama sikumwambia. Ng'onda ziliendelea kuja, nami niliendelea kumpelekea, kwa kuwa sikuwa na namna ya kuzikataa bila kumweleza.

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa na ruhusa nilikwenda mjini, nikaulizia ile bohari, nikaelekezwa upande wa barabara iendayo Makorora. Dume alikuwa amefungwa mnyororo langoni. Alinijua kwa harufu kabla sijasimama. Akainuka mbele, nyuma kukakataa, akakaa tena, mkia ukipiga vumbi.

"Huyu hana haja ya kufanya kitu," mlinzi akaniambia kwa fahari. "Watu wakimwona tu, wanavuka barabara."

Nikachuchumaa, nikamweleza mlinzi taratibu: ampe chakula kidogo mara mbili badala ya kingi mara moja, mafuta ayaache kabisa, amtembeze alfajiri polepole kwenye mchanga, asimrukishe popote. Nikamwambia bado inawezekana kumpunguzia maumivu. Alinisikiliza vizuri, mtu mwema.

"Nitajaribu," akasema. "Lakini tajiri huleta wageni waje wamwone. Akikonda ataniuliza mimi."

Niliporudi shambani mwenzangu alinikuta kisimani.

"Wamesema ulikuwa mjini. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Hajambo?"

"Nenda kamwone mwenyewe."

Basi la mjini lilikuwa likipita mbele ya lango la shamba kila asubuhi. Tulifanya kazi pamoja hadi nilipoacha, na sikumwona akilipanda kwa ajili hiyo.